Takataka za Bwana Badi

Mtaa mzima ulikuwa na mwasumini mmoja tu, nao ulikuwa wa Bwana Badi, tajiri asiyempa bibi harusi hata asumini moja ya kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani. Jirani yake, Bi Mwanashee, alikuwa na binti wa kuoza mwakani. Kila alipoomba kitawi akapande, alijibiwa, "Tawi langu halivuki ukuta huu."

Masika yalipoanza, Bi Mwanashee alisimama ukutani akafoka: "Bwana Badi! Matawi yako yamening'inia kwangu, yananijazia siafu. Yakate! Ila nakusihi, usinitupie uani."

"Ala! Wewe ndiwe wa kuniamrisha?" Bwana Badi akashika panga, akayakata yote, akamrushia upande wa pili. "Haya, takataka zako hizo!"

Bi Mwanashee alilia mpaka majirani wakamwonea huruma.

Siku ya harusi, ua wake ulinukia asumini kutoka ukutani hadi mlangoni. Bwana Badi akaja mbio. "Umeniibia miche!"

"Nimeiba?" akauliza Bi Mwanashee, huku akitunga kikuba. "Si mtaa wote ulikusikia ukinipa? Na mwaka huu mbona hujanitupia? Upande wa jikoni bado sijachomeka kitu."