Rangi Chini ya Bolti

Wapendwa, wa nyuma sogeeni, na wenye watoto wapakateni. Leo nina habari ya gari moja.

Palikuwa na baba mmoja mwenye gari la matangazo, pikapu lenye spika juu ya paa. Msiba ni yeye, harusi ni yeye, mbolea ikifika ni yeye. Ndani alikuwa na kompyuta ndogo ya kupigia nyimbo, imechomekwa kwenye umeme wa gari, na amplifaya chini ya kiti. Sauti yake ilikuwa tamu, mpaka vikongwe walikuwa wakisema, "Msiba wangu akiutangaza huyu, nitakwenda nimeridhika."

Basi ikasikika kwamba askofu anakuja. Yule baba akasema, gari la kumpokea askofu haliwezi kuwa na kutu. Akafungua kila kitu, akapiga rangi ya maziwa nje na ndani, hadi chini ya viti, halafu akarudishia waya zake palepale. Gari likang'aa kama sahani ya wageni.

Na siku ileile likaanza kulia. Akiwasha injini, spika zinasema nguuuu. Akikanyaga mafuta, nyiiiii. Akizima, kimya, lakini betri nayo ilikuwa imezeeka, ukizima ni kutafuta watu wa kusukuma. Akafanyaje? Akaongeza sauti. Mlio nao ukaongezeka. Akanunua amplifaya kubwa, akapata mlio mkubwa. Akazisingizia nguzo za umeme, akawa anaikwepa barabara ya transfoma. Wanawake bombani wakamcheka: "Baba Mbu huyooo! Shusheni vyandarua!"

Ehe. Ikafika siku, bibi mmoja wa jirani, ambaye kumbukumbu zimemtoka, akaondoka nyumbani asubuhi asirudi. Na baridi yetu ya Julai mnaijua. Mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, akapanda lile gari, wakazunguka mji: "Nguuuu... kitenge... nyiiiii... anachechemea..." Watu wakawapungia mikono, wakaendelea na shughuli zao. Jua likaanza kushuka.

"Kaka," yule mwana akasema, "tumezunguka tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza mama yangu yukoje."

Neno hilo lilimwingia yule baba. Akakata kona kwa fundi umeme wa magari. Fundi akainua kiti, akatazama zile waya nyeusi za kurudisha umeme, zinazofungwa kwenye chuma cha bodi ya gari. Ya amplifaya iko upande huu, ya kompyuta upande ule. Akafungua bolti, akachungulia.

"Rangi hii nani kapaka?"

"Mimi. Imekaa vizuri, eti?"

"Imekaa vizuri mno. Imekaa katikati ya waya na chuma. Umeme umekosa njia yake, sasa unapita kwenye nyimbo zako. Hapa ni kukwangua mpaka chuma chenyewe, halafu waya zote mbili tuzifunge kwenye bolti moja."

"Kukwangua? Fundi wangu, askofu anakuja Jumapili!"

"Kwani askofu atakaa chini ya kiti?"

Yule baba bado akasita. "Hatuwezi kutafuta spika nyingine kwanza?"

Mwana wa bibi alikuwa amepakata sweta la mama yake. Yule baba akaliangalia lile sweta, akachukua msasa kwa mkono wake mwenyewe, akapiga magoti.

Walipowasha injini, hakuna mbu. Hawakufika hata mwisho wa mtaa ule. "Anatafutwa bibi, kitenge cha njano, anachechemea..." Mama mmoja akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Ni huyo? Si yuko jikoni kwangu anaota moto! Kaja barazani tangu asubuhi. Namuuliza jina, ananiimbia."

"Mama, mbona hukutusimamisha? Tumepita hapa kutwa!"

"Mmepita, ndiyo. Mimi nikajua mnatangaza mbolea."

Mmesikia, wapendwa? Bibi hakuwa mbali. Gari lilikuwa linapita mlangoni pake na rangi yake nzuri.

Na sisi je? Watoto hawatusikii, tunaongeza sauti. Maombi yanakuwa mazito, tunaongeza spika. Tunasema ni mkwe, ni jirani, ni nguzo za umeme. Nani kati yetu ameinua kiti chake? Dada yako hamjasalimiana tangu mlipomzika baba yenu. Umepaka rangi juu ya hapo, ukarudishia waya, ukaja kuimba. Unategemea wimbo utoke vipi?

Leo siwaombi mwimbe kwa nguvu. Bolti yako iko wapi, unajua. Kakwangue, hata kama alama itabaki. Maana yuko mtu amekaa jikoni kwa watu, na sisi tunapita, tunapita, tunang'aa.