Jiwe Ambalo Hukulitafuna

Hadithi hii si ya kufungia kabatini. Mimi niliipata kwa shangazi yangu tukichambua mchele, yeye aliipata kwa watu wa safari, na wewe ukishaisoma mpelekee mwenzio.

Palikuwa na mji mdogo kando ya barabara kuu, kule kwenye mashamba ya mkonge. Mabasi yalisimama hapo ili abiria wapate kula, na muda wao ulikuwa mfupi. Dereva akishiba, anapiga honi. Hoteli za chakula zilikuwa mbili, zinatazamana. Moja ya Bi Chausiku, mjane. Nyingine ya Mzee Songoro, bwana mwenye kicheko kikubwa.

Kote kuwili wahudumu walilipwa mshahara mwepesi kama uji wa mgonjwa. Waliishi kwa bakshishi. Basi abiria akishuka, kitu cha kwanza kutazamwa ni viatu. Mwenye viatu vya kung'aa aliletewa maji ya kunawa mezani, na sabuni, na taulo. Mwenye kandambili alionyeshwa bomba kwa kidevu.

Pale kwa Bi Chausiku bingwa wao alikuwa Sefu. Huyo, shangazi alikuwa akisema, angeweza kumuuzia samaki maji. Kila mwenye saa mkononi alikuwa "bosi wangu".

Na kule nyuma alikaa Nyamizi na ungo wake. Kazi yake ilikuwa kuchambua mchele, kutoa mawe. Wateja hawakujua hata kama yupo. Nani amewahi kutoa bakshishi kwa jiwe ambalo hakulitafuna? Ikambidi Nyamizi kila asubuhi akafulie watu nguo kwanza, ndipo aje mbiombio kwenye ungo, macho yamechoka, na mawe mengine yakimpita.

Siku moja Bi Chausiku aliona mama mmoja wa kandambili anapanda basi, na sahani yake ndiyo kwanza inafika mezani. Yule mama akageuka, akaitazama ile sahani. Basi likaondoka naye.

Siku ile Bi Chausiku hakula. Kesho yake akawaita watu wake wote, wa mbele na wa jikoni. Akawaambia bei ya chakula itapanda kidogo, bakshishi ndiyo mwisho, na kila mtu atalipwa mshahara wa kumtosha kula, kulipa kodi ya chumba na kusomesha mtoto. Akaandikisha ukutani kwa rangi: HAPA HATUPOKEI BAKSHISHI. WATU WETU WAMESHALIPWA.

Sefu alimwona kama amerukwa na akili.

"Bi mkubwa," akasema, "mkono mtupu haulambwi."

"Wala sitaki watu wangu walambe mikono, mwanangu," Bi Chausiku akamjibu.

Sefu akavua aproni yake, akavuka barabara, akaajiriwa kwa Songoro.

Mambo yakawa mazito. Songoro alikaa kibarazani akiwatania abiria, eti ng'ambo kule chakula ghali, na ukitaka kushukuru unafukuzwa. Madereva wakamfuata. Bi Chausiku akauza bangili alizoachiwa na mumewe ili mishahara isichelewe. Nyamizi aliacha kufua nguo za watu, akawa anakaa na ungo wake tangu asubuhi, taratibu, punje kwa punje. Lakini wa kula wali ule walikuwa wachache. Bi Chausiku akamwambia Semeni, mhudumu aliyebaki naye, kwamba hali ikiendelea hivi hadi mwezi uandame, atafunga mlango.

Hapo ndipo habari zikaja kwamba tajiri mwenye mabasi anapita, anataka kuchagua hoteli moja tu ambako mabasi yake yote yatasimama.

Akaja mbele kwa gari dogo. Mama yake mzazi alikuwa nyuma, ndani ya basi, kwa sababu gari dogo humchafua roho. Haukuwa mtego wa mtu. Bibi wa watu alishuka kama alivyo, na kanga zake zilizopauka na kandambili zake.

Kwanza tajiri aliingia kwa Songoro. Sefu alimfutia kiti, akamnawisha, akamrundikia nyama. Wahudumu wote walimzunguka kama nzi na kipande cha embe. Tajiri akafurahi, akamwachia Sefu noti nene. Alipotoka anachokonoa meno, akamkuta mama yake keshapanda basi.

"Umekula, mama?"

"Nimekula upepo, baba. Nilionyeshwa bomba, nikanawa, nikangoja. Mikono imekauka yenyewe."

Tajiri aliona haya, lakini alidhani ni bahati mbaya tu.

Siku ya kurudi akaingia kwa Bi Chausiku. Akakuta watu wamemtangulia, akaambiwa apumzike kidogo. Akatoa noti, akamwonyesha Semeni.

"Iweke mfukoni, mzee," Semeni akamwambia kwa upole. "Hapa tunakwenda na aliyetangulia kufika."

Bi Chausiku aliyasikia hayo, akaendelea kupakua. Tajiri alikunja uso. Angeweza kuinuka. Lakini mara basi likafika, na mama yake akaingia na kandambili zake. Semeni hakumjua yule bibi ni nani. Alimletea maji ya moto na sabuni, akamnawisha, na zamu yake ilipofika akamletea wali na mchuzi.

Bibi alikuwa na meno machache. Alikula polepole, kwa woga, kama mtu anayetembea gizani. Kisha akaacha kuogopa. Sahani ikaisha.

"Huu wali nani kauchambua?" akauliza. "Miaka mingi sijala wali wa njiani bila kutema jiwe."

Hakuna mteja aliyewahi kuuliza hilo. Nyamizi akaitwa, akaja na ungo wake mkononi, hajui kosa lake. Bibi akamshika vidole, akamwambia mwanawe atoe chochote ampe.

Nyamizi akarudi nyuma hatua moja.

"Ahsante, mama," akasema. "Nimeshalipwa."

Tajiri alimtazama, akatazama maandishi ukutani, akatazama sahani ya mama yake. Akawaita madereva wake, akawaambia tangu leo wasimame upande huu.

Songoro hakucheka muda mrefu baada ya hapo. Na Sefu, mezani kwake hapakuwa tena na wa kuitwa bosi. Akavuka barabara, akasimama mlango wa jikoni. Bi Chausiku hakumsimanga. Alimwambia kazi ipo na mshahara upo, ila aanzie kwenye ungo.

Sefu akaketi kando ya Nyamizi. Punde akainua jiwe jeusi, amefurahi kama mtoto.

"Hilo hata kipofu angeliona," Nyamizi akamwambia. "Tafuta lile jeupe, linalofanana na punje."

Sefu akainama tena.

Funzo: Usimwachie mgeni amlipe mtu wako kwa kumtazama usoni, mlipe wewe kwa haki ya jasho lake, kwani aliyelipwa haki hatazami viatu vya anayemhudumia.