Mgeni wa Mabawa Haagi

Mgeni wa mabawa haagi. Mmeisikia leo asubuhi, baba yenu akimwambia Mbonea, yule aliyesema atakwenda kumwona shangazi yake mgonjwa wiki ijayo, na tangu hapo mnaniuliza mgeni huyo ni nani. Sogeeni basi, na mikono iendelee kupukuchua mahindi. Methali hii ilianza hivi, tena ilianza katika nyumba hii hii, nami nilikuwepo.

Kwanza kitendawili. Nguo nyeupe zimeanikwa malishoni. Aliyezianika hajulikani, atakayezianua hajulikani. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, jibu ni korongo weupe. Kitendawili hicho si changu. Ni cha mama mkwe wangu, Nakiete, aliyemzaa babu yenu.

Kila mwaka mvua za vuli zilipoanza, korongo walikuja kutoka kaskazini, wakashuka malishoni, pale chini ya jiwe pana tunaloanikia muhogo. Walikula panzi na viwavi hadi masika yalipoingia, ndipo wakarudi kwao. Sisi wengine tuliona ndege tu. Mama aliwajua. Alikaa juu ya jiwe akiwatazama kama mtu anayetazama mbuzi wake wakinywa maji: huyu anachechemea, yule mdomo haujawa mwekundu, bado mtoto. Mmoja alikuwa na pete mguuni.

"Huyo katoroka jela," alisema jirani yetu Elinihaki, mtu wa maneno mengi. "Hiyo si pingu hiyo?"

"Pingu ya nani? Huyo ana ndoa yake," Mama alimjibu. "Si kama wewe shemeji, mke kakukimbia hata jogoo hajawika."

Mwaka ninaousema, macho ya Mama yalikuwa yanafunga. La kulia lilikwisha kufa. La kushoto lilitofautisha cheupe na cheusi, basi, na daktari alisema halitaumaliza mwaka. Mwezi wa tatu akaniita.

"Namkunda, nipeleke jiweni. Niwaone mara moja tu kabla hawajaondoka. Wakirudi sitakuwa na jicho la kuwapokea."

Jiwe si mbali. Lakini kwa hatua zake, katika utelezi ule, safari ingenimalizia asubuhi nzima, nami nilikuwa na maharage ya kupanda na mvua imeshaanza. Nikasema, "Kesho, Mama." Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu akaniuliza, "Bado wapo?"

"Wapo, Mama. Nimewaona nikienda shamba. Mvua yote hii, wataenda wapi?"

Sikumdanganya, niliamini hivyo. Niliwafikiria korongo kama wageni wetu wa nyumbani: utamwona mtu anakunja nguo zake, anapita nyumba kwa nyumba kuaga, na wewe utapata nafasi ya kumsindikiza.

Siku ya nne jua lilitoka kali. Saa nne hivi nilikuwa nimeinama na jembe, kivuli kikapita juu ya mkono wangu. Kikapita kingine. Nikainua kichwa. Korongo wote walikuwa juu wanazunguka, hakuna anayepiga bawa, wanapanda tu, wanapanda, mpaka wakawa kama vumbi. Vumbi lile likaelekea kaskazini.

Nikakimbia nyumbani na matope yangu. Nikamkuta Mama amekaa kizingitini, amejifunga kanga mpya, viatu miguuni, fimbo mapajani.

"Leo jua limetoka," alisema. "Nimejua utakuja."

Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Sikusema. Nilimshika mkono nikampeleka, yeye akicheka kila alipoteleza. Tulipofika nikamkalisha juu ya jiwe, nikasema, "Hao hapo chini, Mama. Wengi."

Alitazama. Akalipangusa jicho kwa ncha ya kanga, akatazama tena.

"Na wa pete?"

"Yupo. Amesimama pembeni."

Akanigeukia. "Namkunda, kitambaa chako cha kichwani ni cheupe?"

"Ndiyo, Mama."

"Nakiona. Mbona kitambaa nakiona, wao siwaoni?"

Machozi yakanitoka.

"Basi nguo zimeanuliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Lini?"

"Leo hii, Mama. Nilidhani tutawaona wakijiandaa. Nilidhani..."

"Mgeni wa mabawa haagi, mwanangu."

Hakukasirika. Angekasirika, ningepata nafuu. Aliomba tu tukae kidogo apumzike, tukakaa tunayatazama malisho matupu, yeye na jicho lake moja, mimi na yangu mawili mazima.

Korongo waliporudi vuli, lile jicho lilikuwa limefunga kabisa. Nilimpeleka siku ya kwanza, nikaacha hata chungu mekoni. Nikamweleza ndege mmoja mmoja, bila kuongeza hata mmoja. Wa pete sikumwona, na nikamwambia sikumwona. Alisikiliza, akauliza maswali, akasema ahsante. Lakini kuelezwa si kuona, nilimsoma usoni. Tulifanya hivyo miaka sita, mpaka tulipomzika.

Maneno yake nilimsimulia Elinihaki siku nilipozidiwa na kilio, naye mnamjua, hana kifuniko. Yakafika kisimani, yakafika sokoni, na leo wanayasema watu ambao hata jina la Nakiete hawalijui. Wanadhani ni maneno ya wahenga wa zamani sana. Ni ya kosa langu.

Maharage yale yalizaa sana mwaka ule. Nami najua kwamba ningeyapanda siku moja baadaye, yangeota vilevile. Udongo ungeningoja. Mgeni wa mabawa haagi.