Sanduku la 1,022,117

Jumatano saa moja asubuhi, Mwalimu Shija alifariki kwa kipindupindu. Sanduku la dawa la kijiji, la chuma, lililojengewa ukutani mwa zahanati, lilibaki limefungwa.

Kufuli alilitengeneza mwenyewe baada ya dawa kuibwa: magurudumu manane ya tarakimu, na juu yake kibao: "1,022,117. Tafuta mbili zilizoizaa; ndogo itangulie. Moja haihesabiwi." Ukikosea mara moja, komeo linakwama moja kwa moja. Ili asitokee wa kulifungua peke yake, aliwafundisha watu watatu, kila mmoja elimu yake. Nyamizi alijua kichwani namba kubwa zilizozidishwa kwa zenyewe, yaani vipeo vya pili. Mhoja alijua kuivunja tofauti ya vipeo vya pili viwili iwe namba mbili zinazozidishana. Ng'washi alijua kuitambua namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Asubuhi hiyo kila mmoja wao alikuwa na mtoto mgonjwa pale zahanati. Daraja lilikuwa limesombwa na mafuriko. Vilio vilikuwa vitatu.

Nyamizi alimlaza mwanawe Lugola mkekani, akakitazama kibao.

"Ongeza nne," alisema. "Inakuwa 1,022,121. Hiyo ni 1011 mara 1011."

"Na nne ni mbili mara mbili," Mhoja alidakia. "Basi punguza mbili, ongeza mbili. Ni 1009 mara 1013."

"Wewe uliyefeli darasa la saba mara mbili?" Ng'washi alisema.

"Nilifeli Kiswahili, shemeji." Akanyoosha mkono kwenye kufuli.

Ng'washi aliudaka. "Ngoja! Mojawapo ikigawanyika, ipo jozi nyingine, na kufuli hili halisamehi."

Alizigawa kwa 2, kwa 3, kwa 5, akapanda hivyo hadi 31, kwani 32 mara 32 inazipita zote mbili. Ilichukua nusu saa. Nyamizi aliihesabu kwa pumzi za Lugola.

"Zote mbili tasa. Hakuna jozi nyingine."

Walipanga 10091013. Saa nne na dakika kumi kufuli lilifunguka.

Ndani mlikuwa na chupa moja ya dripu.

"Nikiigawa, haimtoshi hata mmoja," alisema nesi Kasanda. "Semeni ni ya nani."

"Bila mimi mngeanzia wapi?" Nyamizi aliuliza.

"Ungebaki na 1011 yako, mama Lugola," Mhoja alijibu.

"Na bila mimi msingethubutu kuligusa," alisema Ng'washi.

Wote walisema kweli. Nyamizi alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia. Mwalimu alihakikisha hakuna anayefungua peke yake. Namna ya kugawa hakuiandika popote.

Nanyi mnaosikiliza, chupa mngempa nani: aliyeona, aliyevunja, au aliyethibitisha? Amueni upesi. Saa sita kamili chupa ilikuwa bado mezani, na vilio vilivyosikika vilikuwa viwili.