Pimbi na Pikapu Mbili

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale sana, maana magari yalikwisha kuanza kunguruma, palikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Mlaleni. Hapo aliishi Pimbi, yule mdogo asiye na mkia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kingine alikifagia kila asubuhi, akatandika kitanda, kisha akafunga mlango. Kilikuwa chumba cha mama yake, na mama hakuwemo.

Mama yake alikaa ng'ambo ya mto, juu ya Kilima cha Mawe, peke yake, miguu imemwishia nguvu. Kila jioni Pimbi alisimama uani akiutazama moshi wa jiko lake.

"Mama anapika," alijisemea. "Sijui anapika nini. Sijui anakula na nani." Basi chakula chake mwenyewe kikamshinda.

Mtauliza, mbona hakwenda kumwona? Eh, ujinga wenyewe ndio huo! Kwa desturi ya akina pimbi, mama akihamia kwa mwanawe sharti afike amepanda chombo, pamoja na mafiga yake matatu, kinu chake na mtungi wake. Akiletwa mgongoni mwa jirani, watu watacheka kwamba mwana hana uwezo. Pimbi akaapa, "Siuvuki mto huu mpaka niwe na chombo cha kumleta mama yangu!" Mwaka ukapita. Ukapita wa pili. Ukapita wa tatu.

Mwaka huo ufuta ulikubali sana. Wanakijiji wakakata shauri kununua pikapu moja ya wote, kila mwenye haja aitumie kwa zamu. Nyani, muuza magari, akaleta mbili uwanjani wachague.

Ya kwanza ilikuwa pande la gari, matairi sita, springi nene kama mapaja ya Kiboko. Ilipowashwa, vuuuum! Kuku wote wakatoka mbio. Ya pili ilikuwa nyepesi, fupi, inajiendea trrr-tuk-tuk-tuk.

"Hii kubwa ni ya kazi nzito," Nyani akasema. "Magogo, mawe ya msingi, we pakia tu. Hii ndogo ni ya magunia kumi basi. Lakini hainywi mafuta sana, na hupita popote."

Hupita popote! Moyo wa Pimbi ukaruka. Njia ya kwa mama ilikuwa na daraja la miti, kisha kijia kilichobanwa na majabali. Lile pande lingevunja daraja, kah! Hii ndogo ingefika hadi mlangoni.

Lakini Bwana Tembo, mwenyekiti wa kijiji, alikwisha kuikumbatia ile kubwa kwa mkonga. "Hii hapa! Gari la wenye vifua!"

"Kubwa! Kubwa!" akaitikia Kiboko.

Pimbi alitaka kusema, "Jamani, mama yangu." Akaona haya. Badala yake akacheka, "Hi hi hi!"

"Unacheka nini, kidudu wewe?" akauliza Tembo.

"Shikamoo, Bwana Mwenyekiti. Simcheki mtu. Nawaza tu watakavyosema majirani zetu wa Kisimani."

"Watasema nini?"

"Watasema, 'Masikini Mlaleni! Tembo wao kazeeka, Kiboko wao kachoka, sasa magogo yanabebwa na gari.' Lakini chukueni tu hiyo kubwa, mzee wangu. Uzee si aibu."

"Nani kazeeka?" Tembo akang'oa kisiki, akakitupa upande wa pili wa uwanja. Tifuuu! "Magogo ya kijiji hiki nitayabeba mimi!"

"Na mawe ni mimi!" akafoka Kiboko.

"Haya," Pimbi akasema kwa upole, "basi gari litabaki na kazi gani? Vigunia vya ufuta tu?"

"Kwa vigunia hiyo ndogo yatosha!" Tembo akanguruma. "Nyani, lete ufunguo!"

Zamu ya kwanza Pimbi akaiomba yeye, akapewa. Akapita darajani, miti ikalia kwii, kwii, ikavumilia. Akapenya kwenye majabali, akafika. Mama alikuwa ameketi mlangoni.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Mimi nani?"

Pimbi akamtazama vizuri. Macho ya mama yalikuwa meupe.

"Mama! Hunioni?"

"Kumbe ni wewe! Nilikuwa nikiliona paa la nyumba yako kutoka hapa, mwanangu. Nililitazama kila siku. Mvua za mwaka jana zikaondoka na macho yangu. Sogea nikushike."

Akampapasa uso. Pimbi akalia, wala hakujificha.

Akapakia mafiga, kinu na mtungi, akamkalisha mama mbele. Walipokaribia daraja, wakamkuta Tembo yumo mtoni anavuka na gogo lake, jasho likimtiririka. Akaona mizigo, akamwona na mama wa Pimbi.

"Aaa! Kumbe ndiyo sababu ulinifanyia ujanja wako siku ile!"

"Nisamehe, Bwana Mwenyekiti," Pimbi akasema.

Tembo hakukasirika. Alisimama tu, maji hayamfiki magotini. "Mto huu nauvuka kila wiki," akasema. "Magogo nakata juu ya kilima hichohicho. Ungeniambia neno moja, mama ningekuletea tangu mwaka ule wa kwanza."

"Mgongoni mwako? Na desturi yetu je?"

"Desturi!" mama akadakia. "Mwanangu, mimi ningekuja hata mgongoni mwa kobe."

Pimbi, fundi wa maneno, akawasha gari. Akaendesha polepole, na njia nzima akawa anamsimulia mama yaliyopo: hapa mahindi yamebeba, hapa kisima, hapa watoto wa Ngiri wanatupungia mikono.

"Sema, mwanangu," mama alikuwa akimwambia kila aliponyamaza. "Sema tu."

Na hadithi yangu inaishia hapo, wanangu: mficha uchi hazai.