Mtaro Mlangoni kwa Mgonjwa

Nawapa kisa, nanyi mtanipa hukumu. Mwenye usingizi akanawe uso kwanza, maana nikimaliza sirudii, na sitaki mtu aniambie eti hakusikia.

Katika mji wa Kwamtindi, kule milimani, alikuwako bibi mmoja akiitwa Mwanjaa. Mumewe, Mzee Shekalaghe, alikuwa kitandani mwaka wa tatu, miguu imekataa kazi, ulimi ndio mzima. Kila siku Bibi Mwanjaa alishuka kisimani akapanda na ndoo mbili, moja ya kupikia, moja ya kumwogeshea mzee. Alikuwa na miaka sabini na miwili na mgongo wake ulimuuma vibaya. Kufa hakukuogopa. Aliogopa siku atakayoshindwa kuibeba ile ndoo ya pili.

Nyumbani walikuwamo wajukuu watatu, watu wazima, kila mmoja na kipaji chake.

Kidawa alikuwa na macho ya kusoma. Alisoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa, hata tangazo lililochanika nusu, na ile nusu nyingine angeitafuta. Mwajabu, fundi cherehani, alikuwa na kichwa cha vipimo. Futi yake ya kushonea haikutoka shingoni. Alipima watu, alipima milango, na kipimo kikishamwingia hakimtoki. Hizza, fundi bomba, alikuwa na mikono. Gundi akiipaka yeye, bomba haliachii. Udongo akiuchimba yeye, kilichomo ndani hakipati hata mchubuko.

Mji ulipoleta bomba kuu barabarani, Kidawa alikwenda kuchukua kibali cha kuvuta maji nyumbani. Kilikuwa cha siku tisini. Kikiisha kabla mkaguzi hajatia sahihi, unarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ya mwaka mzima. Mzee Shekalaghe akawaita wajukuu kitandani kwake.

"Atakayenifikishia maji chumbani humu," akasema, "chumba cha mbele ni chake."

Chumba cha mbele kilikuwa na mlango wa barabarani. Mwajabu alikuwa akishonea kwenye baraza ya watu. Hizza alitaka kuoa na hakuwa na pa kumweka mke. Kidawa alitaka ofisi ya kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu. Kila mmoja alikitamani kimoyomoyo.

Kazi ikachelewa, kama mnavyozijua kazi. Siku ya themanini na tisa ndipo Hizza alipomaliza kulaza bomba mtaroni, kutoka barabarani, likapita mbele ya mlango, mpaka ukuta wa chumba cha mzee, likatokea ndani kwenye koki. Mwajabu alimfuata nyuma na futi yake, akipima kwa mazoea tu. Jioni Kidawa akawatangazia wote: mkaguzi anakuja kesho saa nne, mtaro ukae wazi aone kila kitu.

Bibi Mwanjaa alisikia. Lakini alfajiri alipofungua mlango aende kisimani, aliona mbele yake shimo refu jembamba, udongo mwekundu umelundikwa kando, na huku nyuma yake mumewe anakohoa. Moyo ukampasuka. Mashimo ya namna ile alikuwa ameyaona, na alijua huchimbiwa nini. Akaweka ndoo chini, akashika jembe, akafukia kutoka mwanzo mpaka mwisho, akashindilia kwa miguu. Mgongo siku hiyo hakuukumbuka. Alipomaliza alisikia nafuu kubwa, na hapo hapo mvua ikashuka, mvua ya milimani isiyo na adabu.

Saa mbili, mvua ilipokatika, wajukuu walitoka wakakuta uwanja uko sawasawa.

"Bibi, mtaro uko wapi?" Hizza akauliza.

"Nimeufukia. Shimo kama lile mlangoni kwa mgonjwa! Lilikuwa linamngoja nani?"

Bibi akazitazama nyuso zao, akaelewa alichofanya. Mwaka mwingine mzima wa ndoo, na ameuleta kwa mkono wake mwenyewe.

Kidawa hakugomba. Alikitoa kibali, akakigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo ambayo Kwamtindi nzima hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

"Sikilizeni," akasema. "'Bomba lililofukiwa kabla ya ukaguzi halitapitishwa, isipokuwa maungio yote yafukuliwe yaonekane, na bomba lipimwe presha nusu saa mbele ya mkaguzi.' Mtaro wote wa nini? Tunataka maungio tu."

"Yako saba," Hizza akasema. "Lakini yako wapi? Nikibahatisha na jembe nitalitoboa."

Mwajabu alikwisha kusimama ukutani kwa mzee, amefumba macho. "La kwanza, futi sita na inchi mbili kutoka hapa. La pili, futi kumi na tisa kasoro inchi." Akayataja yote saba, akapima upya na kuchomeka kijiti kila mahali.

Hizza akapiga magoti topeni. Jembe aliliacha, alichimba kwa vidole na upawa wa kupakulia wali. Chini ya kila kijiti palikuwa na ungio, na hakuna hata moja lililopata mkwaruzo.

Saa nne akafika mkaguzi, Bi. Navoneiwa, buti zimejaa tope. Alikuwa ametoka kwa jirani, Mzee Semkiwa.

"Yule kafuata sheria, kaacha mtaro wazi," akasema kwa huzuni. "Mvua imebomoa kingo, bomba limesombwa, maungio yameachia. Sikuweza kumpitishia."

Akakagua vishimo saba, akasomewa nyuma ya kibali, akacheka. "Kazi hii naifanya mwaka wa tisa. Leo ndiyo mara ya kwanza mwananchi kunisomea kifungu hiki."

Hizza akasukuma pampu ya kupimia, mshale wa geji ya presha ukapanda. Nusu saa nzima walisimama kuutazama, Bibi Mwanjaa akiwa ameshika ukingo wa kanga yake kwa meno. Mshale haukuteremka hata kidogo. Koki ya barabarani ikafunguliwa, na chumbani kwa mzee maji yakagonga beseni. Bibi aliposikia mlio ule akalia mbele za watu, wala hakujificha.

"Imebaki fomu," mkaguzi akasema. "Jina la mwenye maji. Moja tu, hakuna mstari wa pili."

"Andikeni aliyenifikishia," Mzee Shekalaghe akaita kutoka kitandani. "Na chumba cha mbele anachukua yeye. Nilishasema."

"Bila kifungu changu mngekuwa mmekaa mnalia," akasema Kidawa.

"Na kifungu chako kingefukua wapi bila vipimo vyangu?" akasema Mwajabu.

"Someni, pimeni," akasema Hizza. "Mshale ule umeshikiliwa na gundi ya nani?"

Wakabishana, kisha Mwajabu akayatazama matope ya uwanjani. Akamgeukia bibi yake.

"Lakini Bibi asingefukia, bomba letu si lingesombwa kama la Mzee Semkiwa?"

Wote wakamtazama mkaguzi.

"Siwezi kuandika kwamba kuvunja sheria kumefaa, mama," Bi. Navoneiwa akasema. "Ila siwezi kusema uongo. Udongo ule ndio uliolishika bomba."

"Mwanjaa," mzee akaita, "miaka mitatu maji ya chumba hiki nayajua yameletwa na nani. Amua wewe."

Basi Bibi Mwanjaa amepewa kalamu. Wajukuu watatu wamemzunguka, mkaguzi anatazama saa, na kibali kinakwisha leo. Hajaandika bado, anawasubiri ninyi. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, anza: aandike jina gani?