Friji Iliyowaka Taa

Wapendwa, wekeni Biblia zenu chini kidogo mnisikilize. Nataka kuwapa mfano, na naomba mtu asianze kugeuka kuangalia nani kakaa wapi. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini nimeutunga nikiwa na uchungu.

Mama mmoja muuza vitumbua alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja mwenye kisukari. Mtoto alichomwa sindano kila siku, asubuhi na jioni, na dawa ile inataka baridi. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu. Kwa miaka miwili dawa ilikaa kwenye friji ya jirani, kisha jirani akasema mwakani atahama. Mama akasema basi, nitanunua yangu. Akakaanga vitumbua miezi saba, sikukuu ikapita bila kitenge kipya, akaenda dukani.

Mnajua tunavyonunua vitu vya umeme huku kwetu. Muuzaji anachomeka waya kwenye soketi ya dukani, kitu kinawaka, mnunuzi anasema haya, funga. Basi mwenye duka akaichomeka friji, akafungua mlango, na taa ya ndani ikawaka. Wateja wote wakaona.

"Umeona mwenyewe, mama?"

"Nimeona, baba. Mungu akubariki."

Hebu niwaulize: nani kati yetu amewahi kukaa dukani mchana kutwa akisubiri friji ipoe ndipo alipe? Hakuna. Tukiona taa tunaridhika.

Siku ya tatu maji aliyoweka ndani yalikuwa vuguvugu. Mama akarudi dukani. Mwenye duka hakuwa mtu mkali, nisimsingizie. Alikuwa mtu wa ibada, mwimbaji wa kwaya, na alimjibu kwa upole kabisa.

"Mama, friji mpya hiyo, bado haijazoea. Ipe muda. Wiki mbili hivi."

Mama akaipa muda. Dawa ikakaa mle ndani, friji yenyewe kwenye chumba cha mabati chenye joto, mlango wake umefungwa vizuri, na kila ukiufungua taa inawaka. Na dawa ile, wapendwa, ikiharibika haitoi harufu kama maziwa. Mama hakuona tofauti yoyote. Mtoto akawa anachomwa sindano zake kama kawaida, huku anakunywa maji hashibi, na anakonda.

Wiki mbili zilipotimia, mama akakodi mkokoteni, akapakia friji, akairudisha.

"Baba, haipoi. Hela sitaki. Nibadilishie tu, mwanangu ana dawa yake."

Mwenye duka akanyoosha kidole ukutani. Mnalijua lile tangazo, na wengine wetu tunalo madukani kwetu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Soma pale, mama. Na ilijaribiwa hapa hapa, ukaona kwa macho yako."

Sasa, siku ile alikuwepo dukani afisa biashara wa mji, anachagua televisheni. Huyu sheria anaijua. Anajua kwamba aliyeuza friji ameuza baridi, hakuuza taa. Anajua kwamba kitu kikishindwa kazi yake siku ya tatu, mnunuzi ana haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa fedha zake, na kwamba maandishi ya ukutani hayawezi kuifuta haki hiyo. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini alikuwa hajamaliza kuomba apunguziwe bei ya televisheni, basi akainamia simu yake.

Na mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja kununua balbu, akamshika mama bega. "Mama, usigombane na watu. Mwachie Mungu."

Mwachie Mungu! Ndugu zangu, maneno haya ni mazuri kwa mtu ambaye binadamu wamejitahidi wakafika mwisho. Pale hapakuwa na binadamu hata mmoja aliyekuwa ameanza. Mungu alikuwa ameshamleta anayejua sheria, akamsimamisha hatua mbili kutoka kwa mama yule. Mlitaka afanye nini zaidi?

Mama akapakia friji yake tena. Hakujua kama ana haki; alijua tu kwamba ana shida. Na asiyeijua haki yake huomba, na anayeomba ni rahisi kumnyima. Haikupita wiki, mtoto akaamka anatapika, pumzi zinapanda. Hospitali daktari akauliza, "Dawa mlikuwa mnaiweka wapi?" Mama akajibu, "Kwenye friji." Jioni ile mtoto akafariki.

Sasa sikilizeni habari za msiba, maana kwa msiba sisi hatujambo. Turubai likafungwa, viti vikaja, masufuria yakaja. Mwenye duka aliposikia alilia, na yalikuwa machozi ya kweli. Akafunga duka. Na kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi, akatuma gari lenye friji mpya, kubwa, ya kupozea maji ya waombolezaji. Ikachomekwa uani. Kufikia mchana chupa zilikuwa za baridi mpaka zinauma mkononi. Watu wakanywa, wakasema kweli huyu ndugu ana moyo.

Siku ya tatu, watu wakiwa wanatawanyika, akamwendea mama pale alipokaa kwenye mkeka.

"Mama, hii friji siichukui. Ibaki kwako. Ni sadaka yangu."

Mama akaitazama. Akasema, "Baba, mimi sikuja dukani kwako kuomba sadaka. Nilikuja kudai kilicho changu. Sasa humo ndani niweke nini?"

Wapendwa, hapo inanibidi niseme. Sisi ni hodari wa kutoa. Tukiambiwa kuna msiba, tukiambiwa kuna harambee, mikono inaingia mifukoni. Lakini haki ya mtu, ile ambayo si yetu kutoa wala kunyima, tunaikalia mpaka imepitwa na wakati, kisha tunampelekea tukiiita sadaka, na tunapigiwa makofi. Mnadhani Mungu anaipokea? Mimi naona anaiangalia kama mama yule alivyoiangalia friji ya uani.

Wala msidhani nawasema nyinyi peke yenu. Mimi ni mara ngapi nimemwambia mtu "nitakuombea" ili tu aondoke mlangoni kwangu? Yule aliyehitaji barua, yule aliyehitaji nimsindikize ofisini aseme mbele ya shahidi. Niliwaombea, ndiyo. Kuomba kulikuwa rahisi kuliko kutembea nao.

Kesho ni Jumatatu, tunafungua maduka. Mtu atasimama mbele ya meza yako, au mbele yako kwenye foleni, ana kitu kibovu mkononi na aibu usoni. Hajui aseme nini. Wewe unajua. Basi sema, ndugu yangu, sema angali anaye wa kumpelekea.